Neno Lina Mwenyewe

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na jinsi ya kuwabishia. Kisha ukaja mshipi. Ukishauvaa, mzigo wa mwenzio unakuwa mzigo kwelikweli, na Kalunde Sizya, aliyekuwa ameuvaa kwa miaka tisa, alikuwa na mgongo wa kuthibitisha hilo.

Saa tatu kasoro robo asubuhi, siku ya Jumatatu, aliketi kwenye kibanda chake katika Nyumba ya Tafsiri, Tabora, akajifunga mshipi kifuani, akabana kipande chake kidogo kwenye kiwiko, akasubiri. Kioo kilichokuwa mbele yake kilionyesha mwanamke wa makamo aliyejikata nywele mwenyewe, na hakuwa fundi wa kukata nywele. Jina lake Covadonga Riestra, mzaliwa wa milima ya Asturias huko Hispania. Kazi yake kuchimba barafu, Shimo la Saba, ncha ya kusini ya mwezi. Alikuwa huko miaka kumi na mmoja, na kila aliposhuka shimoni watu watatu walimfuata nyuma.

"Karibu utoe kauli," Kalunde alimwambia kwa Kihispania.

Sauti ilihitaji sekunde moja na ushei kufika mwezini na muda kama huo kurudi. Wapagazi walikwisha kuzoea. Ndivyo walivyoitana wao kwa wao, wapagazi. Wakubwa wa Nyumba walipendelea "wakalimani washirika," na jina hilo lilibaki kwenye vitambulisho, mahali pake. Watu wa Tabora waliwahi kubeba pembe za ndovu hadi pwani kwa mabega yao, na wajukuu hawakuona sababu ya kulikataa jina kwa kuwa tu siku hizi walibeba wakiwa wamekaa.

Covadonga alianza na mambo ya kazi, kama wafanyavyo wote. Keekee ya pili ya kutobolea barafu inatikisika. Chakula ni kile kile. Mmoja wa vijana wake anakoroma. Kisha akasema bila kuinua sauti, "Me agobio. Ahí abajo, me agobio."

Mshipi ukafanya kazi yake. Mshipi hausomi mawazo, ingawa watu wa mitaani husema hivyo. Unachukua mapigo ya moyo, pumzi, jasho na ile misuli midogo ya mgongoni ambayo hakuna mtu anayeweza kuiamrisha, unavipeleka kwenye mwili wa mkalimani, na mwili wa mkalimani unaitikia. Kalunde alihisi mabega yakishuka. Pumzi ikamwishia juu juu, shingoni. Kitu kikamkalia kati ya mbavu, kikatulia hapo kama mgeni aliyekuja na sanduku.

Sasa ilibidi achague neno, kwa ajili ya Bawabu.

Bawabu ndiye aliyefungua na kufunga milango yote ya mwezini. Alikuwa mashine, alijengwa kwa Kiingereza, na kuhusu hali ya binadamu alijua maneno kumi na tisa tu. Kila mwezi kila mchimbaji alitoa kauli kwa lugha aliyonyonyea, na mkalimani akaipa neno moja kati ya yale kumi na tisa. Sheria ilitaka mkalimani asiwe mtoto wa lugha inayotafsiriwa wala wa lugha inayotafsiriwa kwayo, asije akapendelea upande. Ndiyo sababu kauli ya Mhispania iliingia kwenye Kiingereza kupitia kwa mama wa Kinyamwezi aliyekunywa uji wa ulezi asubuhi ile.

Kitenzi alichotumia Covadonga si kigeni kwa mtu yeyote anayejua Kihispania. Wanafunzi hukitumia wakati wa mitihani, na mama wa watoto wanne hukitumia siku yoyote. Asili yake ni mgongo unaoinama chini ya kitu. Kwa Kiswahili kingeingia bila hodi: huko chini, naelemewa. Lakini kwenye orodha ya Bawabu palikuwa na milango miwili tu karibu nacho. Wa kwanza, *stressed*: mchimbaji apumzishwe saa kumi, kisha arudi shimoni. Wa pili, *overwhelmed*: mchimbaji afungiwe shimo moja kwa moja na arudishwe duniani kwa chombo kinachofuata. Hapakuwa na kitu katikati. Na lile la pili, kwa asili yake, linasema habari ya maji, maji yaliyomfunika mtu hadi utosini. Aliyeelemewa anaweza kutua. Aliyefunikwa na maji atatua wapi?

Haya yote Kalunde aliyajua, na yote hayakuwa na kazi. Neno halikuchaguliwa kwa kamusi bali kwa uzito, na uzito alikuwa nao kifuani. Akaupima. Katika miaka tisa aliwahi kubeba wazito kuliko huu mara nne au tano tu. Akabonyeza neno la pili.

Taa ya Bawabu ikawa nyekundu.

"Umefungiwa shimo," alimwambia Covadonga. Ilikuwa kawaida ya Nyumba kwamba mkalimani aseme mwenyewe, asimwachie mtu mwingine. "Utarudi duniani Alhamisi jioni."

"Nani, mimi?" Covadonga akauliza. Kisha, "Unajua mifupa yangu ikoje?"

Kalunde alijua, jalada lilikuwa wazi mbele yake. Miaka kumi na mmoja mahali ambapo kilo sita zina uzito wa moja. Duniani mifupa ile isingembeba hata mpaka msalani. Wa namna yake waliwekwa kwenye hodhi la maji ya vuguvugu, na humo ndimo walimozeekea.

"Pole sana," Kalunde alisema. Kihispania hakina pole, kwa hiyo alitumia neno lililokuwa karibu, na halikutosha.

*

Mpagazi akishavua mshipi, uzito wa msemaji humtoka kwa pumzi kama arobaini. Wengine thelathini na tano. Hilo halikuwa imani, lilikuwa limepimwa na kuandikwa. Kalunde alivua, akahesabu arobaini. Akahesabu sitini. Alipofika mia aliacha, akaenda kunywa chai na mandazi mawili, akajiambia kwamba leo umri unamdai.

Jioni uzito ulikuwepo. Asubuhi ya Jumanne uliamka pamoja naye, na kwa kuwa Jumanne ilikuwa zamu yake ya mapumziko, ulishinda naye nyumbani.

Nyumbani kwa Kalunde palikuwa hivi. Mama mkwe wake alivunjika nyonga mwezi wa pili, akalazwa kwenye chumba cha Kalunde kwa sababu ndicho chenye bafu. Alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa tatu, na hakupenda kuguswa na mtu mwingine isipokuwa mkwe wake, jambo ambalo majirani waliliita bahati. Mumewe, Mrisho, alikuwa Mpanda kikazi na alipiga simu kila siku kuuliza kama mama amekula. Shemeji yake wa mwisho alikuwa anaoa, na Kalunde alichaguliwa katibu wa kamati ya harusi akiwa hayupo kikaoni, ambavyo ndivyo makatibu wa kamati za harusi huchaguliwa tangu dunia iumbwe. Binti zake wawili walikuwa kwenye mitihani. Hakuna lolote kati ya haya ambalo mtu angeliita msiba. Yalikuwa mambo ya nyumbani, na kila nyumba ina yake.

Saa sita mchana alimgeuza mama mkwe. Akapitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya nyonga isiyovunjika, akainama. Mabega yake yakashuka. Pumzi ikamwishia juu juu, shingoni. Kitu kikamkalia kati ya mbavu, mahali pale pale.

"Mbona umesimama?" mama mkwe aliuliza ukutani, kwa kuwa ndiko alikogeuziwa.

"Hamna kitu, mama. Navuta pumzi."

Hakuwa na kitu kweli, ila alikuwa ameshaelewa. Aliujua uzito ule. Alikuwa nao tangu mwezi wa pili, na Jumatatu asubuhi aliingia nao kibandani, akaupima kwa uangalifu mkubwa, akaupa jina kwa Kiingereza, akamtwika mwanamke aliyekuwa mwezini.

Na yote haya yalikuwa na kinga yake. Kwa ajili ya mambo kama haya Nyumba ilikuwa na kutua.

Kutua ni robo saa kabla ya kuvaa mshipi. Wapagazi wawili huingia kwenye chumba kidogo chenye viti viwili na birika la maji moto. Mmoja humuuliza mwenzake habari za nyumbani, na mwenzake hutakiwa kusema yote aliyokuja nayo mwilini, bila kupamba. Akimaliza, anaambiwa, "Tua." Muulizaji anatia sahihi. Ukisema kitu, mwili unakijua kuwa ni chako, na mshipi unaweza kukitenga. Usichokisema mshipi hauwezi kukitenga. Waliobuni utaratibu huo walikuwa wataalamu hodari, na hakuna hata mmoja wao aliyekulia Tabora.

Jumatatu ile mwenzake wa zamu alikuwa Siwema. Siwema alikuwa binti wa mdogo wake mama mkwe.

"Habari za nyumbani, wifi?" Siwema aliuliza.

"Kwema."

"Mama mkubwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Una lolote la kutua?"

"Sina, wifi. Labda usingizi kidogo."

"Haya, tua." Na sahihi ikatiwa.

Mtu angesema nini? Mtu aliyefiwa usiku akisalimiwa asubuhi anajibu salama, halafu ndipo anasema ila. Kalunde hakufika kwenye ila. Hakuna namna ya kumwangalia mtu usoni na kumwambia kwamba mama yake mkubwa ni mzito, kwamba harufu ya dawa yake ya kuchua imeingia hata kwenye mkate, kwamba kuna alasiri moja ulisimama mlangoni ukamsikia anaita na ukachelewa makusudi. Mambo hayo hayasemwi mbele ya ndugu wa mume. Kalunde alilelewa vizuri.

*

Jumatano asubuhi alimfuata Bi Nyamizi Kapaya, mkuu wa ukumbi. Bi Nyamizi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuimba kwaya, na aliwahi kubeba kwa miaka ishirini kabla mgongo haujamkataza. Alimsikiliza Kalunde mpaka mwisho huku akipanga kalamu kwenye kikombe.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika kwamba wangu ulikuwemo. Sina hakika wake ulikuwa kiasi gani."

"Basi huna hakika."

"Sina, Bi Nyamizi."

Bi Nyamizi akaacha kalamu. "Mwanangu, tuongee kama watu wazima. Mama yule alisema maneno yale kwa kinywa chake. Hukuyatunga wewe. Ana watu watatu nyuma yake kwenye shimo la mita mia tatu. Ukimfungulia akashuka, akashikwa huko, mkono ukatetemeka kwenye keekee, wanakufa wanne. Utamwambia nani kwamba ulikuwa na mama mkwe?"

"Na nikimwacha, anaingia kwenye hodhi."

"Anaingia akiwa hai."

Jambo hilo lilikuwa kweli. Kalunde alikuwa amelizungusha kichwani tangu Jumanne mchana, na kila alikoligeuzia lilikuwa kweli.

"Njia zipo," Bi Nyamizi aliendelea, taratibu zaidi. "Unaweza kuandika kwamba mshipi ulikuwa mbovu. Watauchunguza."

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Chombo kinaondoka kesho."

"Naam." Bi Nyamizi alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye. "Njia nyingine unaijua. Una mpaka kesho saa sita mchana ukiri mzigo uliochanganyika. Lakini Bawabu hafuti neno, Kalunde. Hajafundishwa kufuta. Neno likishaingia lazima liwe la mtu. Atakuuliza ni la nani. Ukisema ni lako, atakufunga wewe kama alivyomfunga yeye. Mshipi hutavaa tena maisha yako yote, si hapa, si kwingine. Na Siwema aliyekutia sahihi atakaa nje miezi mitatu."

"Na yule mama?"

"Atatoa kauli upya kwa mpagazi mwingine. Huyo mwingine atampa neno gani, mimi sijui na wewe hujui."

Kalunde aliipenda kazi yake. Hili lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na kawaida ya kulisema. Katika siku yenye saa ishirini na nne, zile nne za kibandani ndizo pekee ambazo mizigo ilikuwa na mwisho. Unavaa, unabeba, unavua, pumzi arobaini. Nyumbani hapakuwa na pa kuvulia.

"Naomba nimsomee kwanza," alisema.

Kila msemaji alikuwa na haki ya kusomewa neno lake na kuelezwa maana yake, bila mshipi. Wachache waliidai, na wapagazi hawakuwa na desturi ya kuwakumbusha. Bi Nyamizi akashusha pumzi, akasukuma kiti nyuma.

"Msomee," alisema. "Lakini usiende kutafuta ruhusa kwake. Hana ya kukupa."

*

Covadonga alikuwa tayari amefunga mizigo. Nyuma yake godoro lilikuwa limekunjwa, na ukutani zilibaki alama za picha zilizobanduliwa. Kalunde akamsomea neno, akamweleza kwamba kwa Kiingereza lina maana ya mtu aliyefunikwa, ambaye hana nguvu iliyobaki.

"Mimi sikusema hivyo," Covadonga alisema.

"Ulisema unaelemewa."

"Ninaelemewa. Kila mtu anaelemewa. Nimesema hivyo miaka kumi na mmoja, mwenzako aliyekuwa ananibeba zamani alikuwa ananipa lile neno dogo, napumzika, narudi." Hakuwa na hasira. Alieleza kama anayemwelekeza mtu njia. "Inakuja tukifika kona ya nne, shimo linapokuwa jembamba. Nawaambia vijana wasimame. Naweka keekee chini, nakaa. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Nikisikia imepita nainuka, tunaendelea. Wao wanajua. Yule anayekoroma anautumia muda huo kulala."

"Na imewahi kukataa kupita?"

Kalunde aliuliza kwa sababu ilibidi, na mara tu alipouliza alijuta. Aliona uso wa Covadonga ukisikia swali, kwa kuchelewa kwake, na aliona akifikiria kudanganya.

"Mwezi wa tatu," Covadonga alisema. "Nilikaa dakika arobaini. Ilibidi wanivute mkono."

"Hukuitaja kwenye kauli."

"Ungeitaja wewe?"

"Nisingeitaja," Kalunde alisema.

Bila mshipi hakuhisi chochote kutoka kwa Covadonga isipokuwa kile ambacho mtu yeyote angekiona, mwanamke aliyechoka, mwenye mikono mikubwa iliyowekwa magotini. Alijaribu kujua kama mikono ile ilitulia kwa utulivu au kwa kubanwa. Hakuweza. Kwa miaka tisa mshipi ulikuwa ukiona badala yake, na sasa macho yake yalikuwa kama ya mtu yeyote sokoni.

"Kwa nini umenipigia?" Covadonga aliuliza.

"Kwa sababu siku ile sikuwa peke yangu ndani ya mshipi. Nilikuja na mambo yangu. Nilitakiwa niyaseme kabla, sikuyasema. Sijui ni kiasi gani cha nilichokipima kilikuwa chako."

Sekunde mbili na ushei zikapita. "Mambo gani?"

Wapagazi hawakutakiwa kuwaeleza wasemaji habari zao. "Mama mkwe," Kalunde alisema.

Covadonga akatikisa kichwa polepole kwa namna ya mtu aliyewahi kuwa naye.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Siwema alimkuta Kalunde kwenye kijia cha kwenda ofisini. Habari ilikwisha kumfikia. Katika Nyumba ya Tafsiri siri zilitafsiriwa haraka kuliko kauli.

"Ungeniambia tu, wifi," Siwema alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Robo saa nzima tumekaa pale. Ungeniambia."

"Ungempelekea mama."

"Ningempelekea," Siwema alikiri. "Si kwa ubaya. Ningesema tu, wifi amechoka."

"Na kesho yake nyumba nzima ingejua kwamba nimechoka na mama."

"Kwani hujachoka?"

"Nimechoka sana, Siwema."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na kwa kweli halikupunguza kitu. Siwema alifuta pua kwa ncha ya kanga. Alikuwa na mtoto wa miezi minane, na miezi mitatu nje ya kazi ni miezi mitatu. Kalunde akamwomba radhi. Siwema hakusema amesamehe, akasema, "Nenda, saa zinakwenda," na kwa siku ile hiyo ilitosha.

Ofisini, Bi Nyamizi alimwachia kiti chake. Fomu ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Bawabu hakuwa na maneno mengi, hata kwa mambo makubwa. Aliuliza namba ya kauli. Kalunde akaandika. Aliuliza kama mzigo ulichanganyika. Kalunde akaandika ndiyo. Kisha likatokea neno lenyewe, *overwhelmed*, peke yake katikati ya kioo, na chini yake swali ambalo Bi Nyamizi alilitabiri. Neno hili ni la nani?

Alifikiria vijana watatu nyuma ya Covadonga, ambao hakujua majina yao, na mmoja wao anakoroma. Aliogopa. Angeweza kuondoka bado, akapita sokoni, akarudi nyumbani kabla ya saa ya kumgeuza mama mkwe, na wanne wale wangekuwa hai wote, mmoja ndani ya maji. Hakuna ambaye angemlaumu. Wengi wangesema alifanya busara.

Lakini alikuwa mkalimani, na alilitazama neno kama mkalimani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliona kwamba ni tafsiri nzuri. Lilikuwa sahihi kabisa. Maji, hadi utosini, na nguvu hakuna iliyobaki. Hakuwahi kuchagua neno sahihi zaidi ya lile katika miaka tisa. Kosa lilikuwa kwenye jina lililoandikwa juu yake.

Akaandika Kalunde Sizya.

Taa ikawa nyekundu. Katika vibanda vyote vya Nyumba, na katika nyumba nyingine kama ile popote zilipokuwa, hakuna mshipi ambao ungewaka tena ukiguswa na ngozi yake. Bi Nyamizi akanyoosha mkono, na Kalunde akampa wake, ukiwa umekunjwa vizuri.

"Bado una kazi moja," Bi Nyamizi alisema. "Mwambie mwenyewe."

Covadonga alipotokea kwenye kioo alikuwa amevaa nguo za safari. Kalunde akamweleza kwa Kihispania rahisi, bila kurembesha. Neno limeondoka kwake. Leo hii saa nane atatoa kauli upya kwa mtu mwingine, mwanamume anayeitwa Igonko, ambaye hana haraka. Akipewa neno dogo, atabaki.

"Na lile kubwa limekwenda wapi?"

"Limebaki kwangu. Lilikuwa langu."

Covadonga akamwangalia Kalunde kwa umakini ambao hakuwa nao siku zile mbili za mwanzo.

"Na kama na mimi lilikuwa langu?" aliuliza hatimaye. "Kama nikishuka, halafu kwenye kona ya nne nisiinuke?"

Kalunde hakuwa na neno kwenye orodha. "Basi utakuwa umeshindwa na mzigo wako," alisema. "Hutakuwa umeshindwa na wangu."

Akasubiri. Sekunde moja na ushei kwenda, moja na ushei kurudi.

"Hiyo ni haki," Covadonga alisema, na akakata yeye kwanza.

Bi Nyamizi alitoka bila kuaga, akaurudisha mlango taratibu. Kalunde alibaki kwenye kiti kisicho chake, mikono magotini. Kwa mazoea akaanza kuhesabu pumzi, akafika arobaini, akapita. Uzito ulikuwa pale pale kati ya mbavu, wote, na sasa hapakuwa na mtu wa kumtwika.